Jiko la Masika: Ulezi, Mgagani na Raha Ndogo za Nyumbani

NDUGU msomaji, ukilitaja jina la Matongo mbele ya wafanyakazi wa mjini, wengi watakuuliza habari za dhahabu. Hawakosei, kwani kata hiyo ya Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, imo katika eneo la Nyamongo, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2002. Lakini leo sikukusudia kukusimulia mambo ya mashimo na malori. Nataka nikueleze habari za chungu kimoja cha uji, na za mama mmoja aliyekuwa amekata shauri kwamba hakuna tena sababu ya kukiteleka.

Mama huyo ni mkwe wangu. Nilifika kwake mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea. Katika nyanda hizo za juu mvua hunyesha vipindi viwili kwa mwaka, na ile ndefu, ya kuanzia Machi hadi Mei, huja na ubaridi unaomfanya mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam atafute sweta hata mchana. Nililowa tangu barabarani. Njia nzima nilikuwa nikiuwaza moshi wa jikoni kwake, kwa maana kila mara nilipokwenda huko miaka ya nyuma, moshi huo ndio uliotangulia kunikaribisha.

Safari hii moshi haukuwapo. Niliyakuta mafiga yamekaa kimya, majivu yake baridi. Mama alinipokea kwa furaha, akanimiminia chai ya rangi kutoka katika chupa na kunikatia mkate wa dukani. Jioni akaleta kiporo cha ugali, tukala na chai ile ile. Baba mkwe alifariki miaka miwili kabla ya siku hiyo. Watoto wote tumetawanyika, wengine Mwanza, wengine Musoma, sisi Dar es Salaam. Nilipomwuliza kwa adabu kama alikuwa mgonjwa, alinijibu bila kinyongo, “Nimpikie nani, mwanangu?”

Huenda nawe umepata kulisikia neno hilo. Hutamkwa na mjane, hutamkwa na kijana wa kiume aliyepanga chumba kimoja, hutamkwa hata na mama mwenye nyumba iliyojaa watu, siku ambayo watoto wako shule na mume yuko zamu. Kwetu chakula kizuri huandaliwa kwa ajili ya mgeni, mume au mtoto. Mpishi hujihesabu wa mwisho. Nao wengine wakiondoka, hujikuta hayumo kabisa katika hesabu. Haishi hapo. Mtu mzima anayekula mkate na chai ya rangi asubuhi na jioni hudhoofika polepole, na majirani husema ni uzee.

Sikuthubutu kumhubiria mkwe. Nilichosema ni kwamba nina hamu ya uji wa ulezi kama ule alionipikia nilipojifungua. Akainuka papo hapo.

Ulezi wake ulikuwa ndani ya mtungi, pembeni mwa ghala. Ulezi ni nafaka ya kwetu hasa. Ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita, ndipo ukavuka bahari kwenda India. Punje zake ni ndogo mno, na wadudu hawazishambulii kama wanavyoshambulia mahindi. Ndiyo maana wazee waliuweka kuwa akiba ya miaka ya njaa. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za madini ya kalsiamu, yale yanayojenga mifupa na meno, ambapo unga wa sembe una kiasi kidogo tu. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele na ulezi. Mkwe wangu hakupata taarifa, lakini mtungi wake ulikuwa umejaa.

Aliupepeta, akauosha mara tatu ili mchanga uzame, akauanika karibu na moto, kisha akausaga juu ya jiwe. Unga wa jiwe haulingani na wa mashine. Huwa na chenga kidogo na harufu ya nafaka iliyoanza kupata joto. Sehemu ya unga aliikoroga kwa maji ya vuguvugu na kuiacha usiku kucha kando ya makaa, ichachuke kidogo. Yeye hapimi. Mimi nilipima kwa kikombe nyuma ya mgongo wake ili nikuletee wewe, na vipimo vyangu ni hivi: kikombe kimoja cha unga uliokorogwa kwa vikombe sita vya maji yaliyochemka. Ukimimina, usiuache mwiko mpaka uji ushikane. Kisha punguza moto, uuache utokote kwa dakika 15 au 20. Ulezi usioiva huacha ladha ya udongo ulimini, na wengi wanaosema hawaupendi walipewa ule ambao haujaiva. Mwishoni tia kikombe cha maziwa. Sukari si lazima. Ndizi mbivu iliyopondwa yatosha.

Halafu akatoa kikopo cha samli. Akatia kijiko kimoja katika bakuli langu, akakifunika. “Samli ni ya wageni,” akasema. Nilikifunua tena, nikatia kijiko katika bakuli lake bila kuomba ruhusa, jambo ambalo mkwe mwenye haya hangelifanya. Alikaa kimya akiitazama samli inavyoyeyuka. Kisha akakoroga, akanywa mpaka mwisho, na kijiko akakilamba.

Siku ya pili mvua haikukatika. Tulichuma mgagani nyuma ya nyumba, mboga ile chungu inayoota yenyewe udongo ukipata maji. Wengi mjini wameiacha kwa sababu ya uchungu wake, nao uchungu huo dawa yake ni subira. Majani huchambuliwa, huoshwa, huchemshwa kwa chumvi kidogo kama dakika 15, maji yakamwagwa. Hapo hutiwa maziwa, na chungu kikaachwa juu ya moto mdogo mpaka maziwa yanywewe na majani. Kesho yake huongezwa maziwa au malai, hupashwa tena, na siku hiyo ya pili ndiyo mboga huwa tamu hasa. Wewe usiye na friji, hakikisha unaichemsha vizuri kila jioni na kila asubuhi. Maziwa hayasamehi uzembe.

Kwa ugali alitumia udaga, yaani unga wa mihogo iliyovundikwa, akiuchanganya na ulezi kidogo. Hapa niombe radhi kwa kuchelewa, maana jambo hili ni zito kuliko raha zote nilizozitaja. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Ili itoke, mihogo humenywa, hurundikwa na kufunikwa kwa siku kadhaa mpaka ilainike, hukwanguliwa ukungu, ndipo ianikwe juani hadi ikauke kabisa. Kazi hiyo ni ya kiangazi, wakati jua ni la uhakika. Katika masika mama hula akiba.

Mwaka 1985 ukame uliikumba Tarime. Mihogo michungu ndiyo iliyobaki shambani, na watu wenye njaa walizifupisha zile siku za kungoja. Wengi hawakuwa na maziwa, samaki wala maharage ya kuusaidia mwili kupambana na sumu. Matokeo yake watu walipooza miguu ghafla. Madaktari na watafiti waliofika wilayani waliwachunguza wagonjwa 39, wakautambua ugonjwa kuwa konzo. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka ya Kongo, ambako ulielezwa mara ya kwanza na daktari mwaka 1938, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Miguu ikishapooza kwa konzo haiponi. Mkwe wangu mwaka ule alikuwa mzazi mpya mwenye mtoto mgongoni. Hakunisimulia mengi. Alisema tu kwamba tangu hapo hajawahi kumharakisha mtu anayevundika mihogo, hata kama watoto wanalia.

Niliposikia hayo niliuona upya ule mtungi wa ulezi, na kijiko cha samli, na maziwa yanayotiwa katika mboga siku mbili mfululizo. Sisi tunaviita vitu hivyo anasa. Watu waliopitia mwaka kama ule wanajua kwamba mara nyingine ndivyo vilivyowatenganisha waliotembea na walioshindwa kutembea.

Sasa nirudi kwako uliye mjini, unayerejea kutoka kazini umelowa na kununua chipsi njiani kwa sababu kuwasha jiko unaona ni taabu. Ulezi unapatikana masokoni, Kariakoo kwa mfano. Nunua punje, uchambue mwenyewe mawe, kisha upeleke mashineni. Pakiti za unga zenye ulezi, soya, karanga, mchele na ngano kwa pamoja mimi sizipendi. Karanga zikisagwa na kukaa huchacha upesi, na zikiwa na ukungu hubeba sumukuvu. Hifadhi karanga zako peke yake, tupa zilizokunjamana na zenye uchungu, twanga kiasi cha siku hiyo tu. Kijiko kimoja cha karanga mbichi zilizotwangwa, kikitiwa wakati uji unatokota ili kiive pamoja nao, hukupa raha isiyopungua ya samli, na kwa bei nafuu.

Mkaa ni ghali, najua. Chukua kikapu kipana, ukijaze nyasi kavu au nguo kuukuu, uache shimo la kutosha sufuria. Maharage yaliyolowekwa usiku yachemshe kwa nguvu dakika 20, yafunike, yatumbukize kikapuni pamoja na mchuzi wake, ufunike kwa blanketi. Baada ya saa nne yatakuwa yamelainika. Yarudishe motoni yachemke tena, ndipo uyaunge. Ikiwa maharage ni ya zamani, utahitaji makaa zaidi kidogo. Kwa njia hiyo chakula huiva nawe ukifua au ukimsaidia mtoto masomo. Viazi vitamu havihitaji hata maarifa hayo: vioshe, vichemshe na maganda yake, vile na maziwa ya mgando. Jirani zetu Wasukuma huvikata, kuvianika na kuviita michembe, wakavipika kwa karanga wakati vibichi havipo.

Neno moja kuhusu baridi. Usilichukue jiko la mkaa kulipeleka chumbani ili mlale kwa joto, milango imefungwa. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, na familia nzima huweza isiamke.

Nilikaa Matongo siku sita. Siku ya nne watoto wa jirani waliuona moshi, wakaja na vikombe vyao bila kuitwa. Mama aliwafokea kwa kuingia na matope, kisha akaongeza maji katika chungu. Siku ya kuondoka alinifungia kibaba cha ulezi na kunikumbusha nisiupeleke kwenye mashine inayosaga mahindi yenye dawa.

Majuma mawili baadaye alipiga simu, usiku, wakati ambao kwa kawaida huwa amelala. Nilidhani kuna msiba. Akaniuliza hali ya watoto, akaniuliza hali ya mvua, akanyamaza kidogo. Kisha akasema leo amepika mgagani na amekula peke yake, haukwisha, na kesho anakusudia kuuongeza maziwa.