Je, Wajua? Mguu wa Kushoto Ndio Unaong'oa Gari

Mbio fupi za magari za mstari ulionyooka, kwa desturi iliyotoka Marekani, huwa za robo maili: mita 402 hivi. Je, wajua kwamba saa inayopima muda wa gari haianzi taa ya kijani inapowaka? Huanza tairi za mbele zinapoutoka mwali wa mwanga uliowekwa kwenye mstari wa kuanzia. Ndiyo maana dereva aliyezubaa anaweza kupata muda bora na bado akapitwa na aliyewahi kung'oka.

Anayeanza na gari la gia hudhani siri ni kukanyaga mafuta hadi chini. Kazi kubwa iko kwenye klachi, chini ya mguu wa kushoto. Tia gia ya kwanza, pandisha mngurumo wa injini kiasi, kisha achia klachi polepole mpaka uhisi inashika. Subiri hapo kidogo gari lisogee, halafu imalizie huku ukiongeza mafuta. Ukiiachia ghafla, injini huzima au tairi huzunguka bure. Tairi hushika vyema zaidi inapoteleza kidogo tu. Tena, gari likichomoka uzito huegemea nyuma, hivyo linalovutwa na magurudumu ya mbele hudai mguu mwepesi zaidi.

Kwenye mchanga wa pande za Tulia, Kitui, ufundi huohuo humwokoa dereva asikwame: mafuta kidogo, klachi laini, pengine gia ya pili ili nguvu isizidi. Mazoezi ya mbio yafanyiwe uwanja uliofungwa, kamwe si barabarani. Na klachi ikianza kunuka kuungua, simama ipoe.