KUMCHAGUA FUNDI WA KUEZEKA NYUMBA



Tangu sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Uganda (NSSF) iliporekebishwa mwaka 2022, mwanachama aliyetimiza miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 au zaidi anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Kwa wengi wetu fedha hiyo huenda moja kwa moja kwenye nyumba, na mara nyingi ni nyumba iliyosimama kuta tupu kwa miaka kadhaa ikingojea bati. Fedha ya namna hii haiji mara mbili. Ndiyo maana kamati yetu imeona yafaa kueleza habari ya fundi wa paa, kwa kuwa malalamiko tunayoletewa juu yake ni mengi kuliko yale ya fundi wa matofali.

Tulikwenda kumpa pole mwenzetu mmoja, mkaaji wa kando ya Ziwa Victoria, ambaye paa lake lilichukuliwa na dhoruba ya jioni moja. Tulilikuta limelala katika shamba la migomba la jirani, na ajabu yake ni kwamba lilikuwa zima. Mabati yalikuwa yameshikana na mbao, misumari imepigwa vizuri. Kosa lilikuwa chini: mbao zile zililazwa tu juu ya ukuta, hazikufungwa na kitu cho chote. Fundi alikuwa amefanya vizuri sehemu inayoonekana na kuiacha ile isiyoonekana. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha mlipa fedha zote.

Watu hudhani kuwa upepo hulisukuma paa. Kwa kweli upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na mvuto huo ni mkali zaidi pembeni na kwenye kilele. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza fundi si bei. Mwulize, "Utalifungaje paa na ukuta?" Fundi anayeijua kazi atakueleza mara moja habari ya vyuma au nyaya nene zinazoachwa ndani ya zege la linta, au ndani ya kozi za juu za matofali, kisha zikapinda juu ya mbao na kukazwa. Atakwambia pia kwamba jambo hilo lafaa kupangwa pamoja na mwashi kabla kuta hazijamalizika. Anayejibu kwamba uzito wa mbao watosha, mshukuru na umwage kwa amani.

Baada ya hapo, mwombe akupeleke kwenye nyumba tatu alizoezeka, na moja kati yake iwe imepitiwa na mvua za miaka miwili au zaidi. Paa jipya lo lote hupendeza. Nenda saa sita mchana, uombe ruhusa ya kuingia ndani kama hakuna dari, ukatazame juu: tundu la msumari uliokosea mbao litaonekana kama nyota. Nje, tazama kama misumari imepigwa kwenye mgongo wa mawimbi ya bati au bondeni, ambako maji hupita. Bati lililounganishwa ubavuni lipande juu ya mwenzake kwa wimbi moja na nusu, na pale linapoungana juu na chini, sentimita 15 hivi zisipungue. Tena mwulize mwenye nyumba, fundi akiwa mbali: alipoitwa kuziba panapovuja, alikuja? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko picha zote atakazokuonyesha katika simu yake.

Habari ya vifaa inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotelea. Ushauri wetu ni kwamba mwanachama anunue mwenyewe, na fundi alipwe ufundi tu. Lakini hesabu ya mabati, mbao na misumari aifanye fundi kwa maandishi, kisha uipeleke kwa fundi wa pili aitazame. Hesabu mbili zikitofautiana sana, mmoja wao ama hajui au anakusudia kubaki na kitu.

Katika mabati, nambari ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 28 ina unene wa karibu milimita 0.4, na geji 30 karibu milimita 0.3. Rangi nzuri haiongezi unene. Shirika la Viwango la Uganda (UNBS) lina alama yake ya ubora, nalo limekwisha kukamata mabati yaliyo membamba kuliko yalivyoandikwa. Basi tafuta alama hiyo pamoja na jina la kiwanda na geji vilivyopigwa kwenye bati lenyewe, wala usiridhike na maneno ya risiti. Wenzetu wa karakana wanazo mikromita, na hatuoni haya kusema kwamba mwanachama anaweza kumwomba mmoja wao amsindikize dukani. Bati jembamba likiezekwa juu ya mbao zilizoachana mno hubonyea fundi akilikanyaga, na palipobonyea maji hutuama. Kwa geji 30 mbao za kupigilia bati zisiachane zaidi ya sentimita 90 hivi. Fundi anayetaka kuzitanua ili kupunguza gharama anakuonea huruma ya uongo. Na mbao za mkaratusi mbichi zikatae, maana zikikauka hupinda na kung'oa misumari.

Sasa mapatano. Yaandikwe, hata fundi akiwa shemeji yako. Naam, hasa akiwa shemeji. Yataje kazi yenyewe, geji, namna ya kufunga paa ukutani, siku ya kuanza na kumaliza, na malipo kwa hatua. Mathalani, sehemu ya kwanza itolewe mbao zikiwa zimesimama na kufungwa, nawe umepanda ngazi ukaona kwa macho. Ya pili mabati yakiisha. Na sehemu ya kumi ibaki mkononi mwako mpaka mvua kubwa mbili zipite. Mashahidi watie sahihi, na mwenyekiti wa LC 1 agonge mhuri. Fundi akikataa kuacha sehemu hiyo ya mwisho, huyo anaijua kazi yake kuliko wewe. Ugomvi ukitokea, na madai yasipozidi shilingi milioni 10, mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo ulioanzishwa mwaka 2011, ambao hauhitaji wakili. Karatasi ile yenye mhuri ndiyo utakayokwenda nayo.

Kuna jambo jingine ambalo wanachama wengi hawapendi kulisikia. Vijana wanaopanda juu ya paa lako nao ni wafanyakazi. Sisi tunaodai viatu na kofia kazini, tumeonekana tukisimama chini na kumhimiza kijana aliye peku juu ya bati lililolowa. Andikeni katika mapatano ni nani atakayelipa matibabu mtu akianguka, na ngazi iwe nzima. Fundi mkuu asiyejua majina ya vijana wake, tena asiyetaka kuwapo mwenyewe wakiwa juu, mwache.

Wakati nao huchagua fundi. Katika sehemu nyingi za kusini mwa nchi mvua kubwa huwa kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Novemba, kwa hiyo kila mtu hutaka kuezeka Januari, Februari, au katikati ya mwaka. Mafundi wazuri hushikwa mapema. Anayepatikana kesho asubuhi wakati wenzake wote wana kazi, mwulize kwa nini. Mwanachama anayetazamia kuezeka Januari aanze kutazama mapaa ya watu mwezi wa Oktoba, mvua ikinyesha, na akitaka mfano wa mapatano afike ofisi ya tawi lake apewe nakala.