Kupanda Daraja Maabara: Mishahara ya Wataalamu wa Vipimo Katika Hospitali za Uingereza

Mtaalamu wa maabara katika hospitali za umma za Uingereza halipwi kwa cheti alichonacho, hulipwa kwa kiti alichokalia. Tangu mwaka 2004 Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, huwalipa karibu watumishi wake wote, ukiwatoa madaktari na viongozi wa juu kabisa, kwa jedwali moja la madaraja linaloishia daraja la 9. Kila nafasi ya kazi hupimwa kwa vigezo 16: maarifa, dhamana juu ya mgonjwa, nguvu za mwili, umakini wa akili, mazingira ya kazi na vinginevyo. Alama zikijumlishwa, nafasi hupata daraja lake, na atakayeikalia hupokea mshahara wa daraja hilo hata kama nyumbani ana shahada ya uzamivu.

Mlango wa kuingilia ni usajili. Kwa kawaida mwombaji huhitaji shahada iliyoidhinishwa na taasisi ya wanataaluma hao, IBMS, kisha jalada la mafunzo kwa vitendo lililojazwa na kukaguliwa ndani ya maabara iliyoruhusiwa kufundisha. Hapo ndipo baraza la usajili, HCPC, humwandika kwenye daftari lake. Jina la taaluma hiyo linalindwa kisheria, na asiyesajiliwa akijiita kwa jina hilo anavunja sheria. Heshima hiyo ilipiganiwa muda mrefu: chama kilichozaa IBMS kilianzishwa mwaka 1912 kikiwa chama cha wasaidizi wa maabara. Lakini mlango huu una kizingiti kinachoumiza vijana. Nafasi za mafunzo kwa vitendo hazitoshi, na wahitimu wengi huanzia kwenye kazi za usaidizi, kupokea sampuli na kuziingiza kwenye kompyuta, wakisubiri maabara itakayokubali kuwasimamia.

Akishasajiliwa, mtaalamu huanza daraja la 5. Kwa jedwali la England la mwaka 2025/26, daraja hilo lilianza na pauni 31,049 kwa mwaka kabla ya makato, likafika 33,487 baada ya miaka miwili na kugota kwenye 37,796 baada ya minne. Scotland ina jedwali lake, lililo juu zaidi. Ndani ya London ya kati huongezwa asilimia 20 kwa ajili ya ukali wa maisha, hadi kikomo kilichowekwa. Zamani nyongeza ilikuja kila mwaka. Mkataba wa 2018 ulipunguza ngazi, na sasa mtu husubiri miaka kadhaa kisha hupanda kwa mkupuo, msimamizi wake akithibitisha kwamba anastahili.

Kwa jedwali hilohilo la 2025/26, daraja la 6 lilianza na 38,682 na kufika 46,580 baada ya miaka mitano. Ukitazama haraka, tofauti kati ya kilele cha la 5 na mwanzo wa la 6 ilikuwa pauni 886 tu, fedha ndogo kwa jasho linalotakiwa. Uzito wake uko kwenye dari. Anayebaki la 5 hana tena pa kupanda, atategemea nyongeza ya jumla ya serikali peke yake. Aliyevuka amefunguliwa karibu pauni 9,000 nyingine. Ili avuke, mtaalamu hukamilisha stashahada ya ubingwa wa fani yake, iwe hematolojia, biokemia, mikrobiolojia au utiaji damu. Hujaza jalada lenye ushahidi wa kazi aliyoifanya kwa mikono yake, kisha hukaa mbele ya mtahini kutoka nje ya hospitali. Zipo maabara zinazompandisha moja kwa moja akifaulu. Nyingine humwambia asubiri nafasi itangazwe, na hilo si haki, kwa kuwa kazi ya bingwa huwa ameshaanza kuifanya. Tena maabara ikipungukiwa na watu, kitu cha kwanza kuahirishwa ni mafunzo.

Kazi yenyewe huonekana vizuri zaidi usiku. Mama aliyejifungua anavuja damu, na kijichupa chake kinafika benki ya damu. Mtaalamu aliye peke yake zamu hiyo hulinganisha kwanza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali na zile za kwenye fomu. Tarakimu moja ikikosewa, sampuli hukataliwa na nyingine kuombwa, hata kama simu ya wodini inaita mfululizo. Ikiwa sawa, hudondosha chembe na majimaji ya damu kwenye kadi yenye vimirija vya jeli na kuizungusha kwenye mashine. Chembe zilizoshikana hubaki juu kama mstari mwekundu. Zisizoshikana huteremka hadi chini. Kwa kuusoma mstari huo huamua ni damu ipi itakayoingia mwilini mwa mama yule.

Kwa zamu za namna hiyo, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kwa Jumamosi, daraja la 5 huongezewa asilimia 30 ya malipo ya saa. Jumapili na sikukuu, asilimia 60. Saa inayolipwa karibu pauni 16 huwa zaidi ya 25. Wengi huzitegemea posho hizi kulipia kodi ya nyumba, ndiyo maana anayepandishwa kuwa msimamizi wa mchana tu huweza kuona kipato chake kimepungua.

Daraja la 7, lililoanza na 47,810 mwaka 2025/26, ni la wasimamizi wa vitengo na mabingwa waandamizi, ambao aghalabu huwa na shahada ya uzamili. La 8 limegawanywa kuanzia 8a hadi 8d, nalo ni la wakuu wa maabara. Pembeni yao kuna kada nyingine ya wanasayansi wa kliniki: hufunzwa miaka mitatu wakilipwa kwa daraja la 6 huku wakisomea uzamili, na wachache huendelea hadi ubingwa wa kiwango cha daktari mshauri. Nafasi zake hugombewa vikali.

Mtaalamu aliyesomea Dar es Salaam au Nairobi huingia kwa kupeleka vyeti na maelezo ya uzoefu wake HCPC, ambayo hupima kama vinafikia viwango vyake. Miaka aliyofanya kazi nje ya NHS haihesabiwi yenyewe kwenye mshahara. Mwajiri ana hiari ya kuitambua yote, sehemu yake, au kuiacha, na mazungumzo hayo hufanyika kabla ya kutia saini mkataba.