Mhakiki asema hivi, tuzo yaenda kule

Kama umewahi kupanda matatu siku ya Jumatatu baada ya Gor Mahia kumenyana na AFC Leopards, basi unaujua ubishi wa mashabiki. Kila abiria ni kocha, kila abiria ni refa, na aliyeiona mechi kwa macho yake hupigiwa kelele na aliyehadithiwa. Sasa uchukue ubishi huo, uuhamishie jijini New York, uondoe mpira na mahali pake uweke mchezo wa kuigiza. Hivyo ndivyo hali ilivyo kila mwaka, kuanzia Machi hadi Juni, miongoni mwa wapenzi wa michezo ya Broadway.

Utawasikia wakibishana kwenye foleni ya tiketi na mikahawani. Mchezo huu mpya ni mzuri au ni kelele tupu? Magazeti yamesema nini? Je, utaibuka na tuzo ya Tony? Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba hayo ni maswali matatu tofauti, lakini mashabiki huyachanganya na kuyajibu kwa jibu moja. Hapo ndipo wengi hupotea njia.

Kwanza tufahamiane na uwanja wenyewe. Kumbi zinazohesabiwa kuwa za Broadway ni 41, na kila mojawapo ina viti 500 au zaidi. Tuzo za Tony zilianza kutolewa mwaka wa 1947 kwa kumbukumbu ya Antoinette Perry, mwigizaji na mwelekezi wa michezo aliyefariki mwaka uliotangulia. Msimu hufungwa mwishoni mwa Aprili, majina ya wanaowania hutangazwa Mei, na washindi hujulikana Juni. Ndiyo maana watayarishaji wengi hungoja Machi na Aprili kufungua michezo yao. Wanajua wapiga kura ni binadamu, na binadamu husahau haraka alichokiona Oktoba.

Zamani wahakiki walitazama mchezo usiku wa ufunguzi, kisha wakatoka mbio kwenda kuandika kabla mitambo ya kuchapisha haijaanza kunguruma. Waigizaji na watayarishaji nao walikwenda kukaa katika mkahawa wa Sardi's, mtaa wa 44, wakingoja magazeti yafike. Hebu fikiria chakula kinavyoshuka kooni saa kama hizo! Siku hizi wahakiki hualikwa siku chache kabla, wakaandika kwa utulivu, na makala hayatolewi hadi usiku wa ufunguzi.

Aliyeogopwa kuliko wote alikuwa Frank Rich, mhakiki mkuu wa The New York Times kuanzia 1980 hadi 1993. Watu wa Broadway walimbandika jina la Mchinjaji. Mwaka wa 1983 mchezo ulioitwa Moose Murders ulifunguliwa katika ukumbi wa Eugene O'Neill tarehe 22 Februari na kufungwa tarehe iyo hiyo. Rich na wenzake waliukandamiza hadi ukawa mfano wa mchezo mbaya, na hata leo mashabiki wazee huutaja wanapotaka kupimia ubovu wa mwingine. Lakini tuwe wakweli: si mhakiki aliyeuandika mchezo huo. Kumlaumu Rich ni sawa na kumlaumu daktari aliyesoma kipimo.

Hata hivyo, usidhani ni maneno matupu. Pazia likishuka kwa mara ya mwisho, mwigizaji, mpiga fidla, mshona mavazi na anayewaonyesha watu viti vyao, wote hurudi nyumbani bila kazi. Kwa kadirio linalotajwa mara nyingi huko, ni mchezo mmoja tu kati ya mitano unaorudisha fedha zilizowekezwa. Ndiyo sababu safu moja ya gazeti huweza kuwakosesha watu usingizi.

Wewe mwanafunzi uliyewahi kushiriki tamasha za drama za shule unajua jambo moja zuri la tamasha zetu. Mwamuzi husimama mbele ya watu akaeleza: sauti haikufika nyuma, hadithi ilikatika katikati, mavazi hayakuafiki wahusika. Unaweza kukasirika, lakini umepewa sababu. Uhakiki wa gazeti nao usomwe kwa njia hiyo. Tafuta sababu kwanza, hukumu baadaye. Mhakiki akisema mchezo una kelele nyingi na wewe unapenda kelele, basi amekufanyia kazi nzuri ya kukushauri ununue tiketi!

Sasa tuje kwenye tuzo, kwa maana hapo ndipo ubishi hupamba moto. Wapendekezaji ni kamati ndogo. Wapiga kura ni wengi, yapata 800, na wahakiki ni sehemu ndogo tu miongoni mwao. Waliobaki ni watayarishaji, wenye kumbi, waandishi, waelekezi, waigizaji, na vile vile wafanyabiashara wanaopeleka michezo ya Broadway katika miji mingine ya Marekani. Yaani wengi wao wana biashara na jukwaa. Shabiki anayetabiri ushindi bila kujua ni nani anayepiga kura ni kama anayetabiri uchaguzi kwa kuhesabu mabango.

Mfano ambao haujachoka kusimuliwa ni wa mwaka wa 2004. Upande mmoja alikuwapo Wicked, mchezo mkubwa wa muziki uliogharimu dola milioni 14 na kuchezwa Gershwin, ukumbi wa viti karibu 1,900. Unasimulia habari za wachawi wa nchi ya Oz walivyokuwa wasichana. Upande wa pili alikuwapo Avenue Q, mchezo mdogo uliokuwa Golden, ukumbi wa viti karibu 800, ambamo waigizaji walishika wanasesere mkononi wakizungumzia kodi ya nyumba, ukosefu wa kazi na upweke wa vijana wa mjini.

Wahakiki waligawanyika kuhusu Wicked. Ben Brantley wa The New York Times alimmiminia sifa Kristin Chenoweth lakini mchezo wenyewe haukumridhisha. Pamoja na hayo, watu walijazana, na kwa kuwa ulikuwa umeteuliwa kuwania tuzo kumi, wengi waliona mambo yamekwisha. Watayarishaji wa Avenue Q nao, maadam ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa rais, wakafanya kampeni ya mzaha kama ya wanasiasa, wakiwaomba wapiga kura wafuate moyo wao.

Usiku ulipofika, Avenue Q ikatwaa tuzo ya mchezo bora wa muziki, pamoja na ile ya hadithi na ile ya nyimbo. Wicked nayo ikapata tatu: mandhari, mavazi na mwigizaji bora wa kike. Na mwigizaji huyo hakuwa Chenoweth aliyesifiwa na Brantley. Alikuwa mwenzake, Idina Menzel, ambaye waliwania tuzo hiyo hiyo wakiwa jukwaa moja.

Kisa hakikuishia hapo. Muda si muda wakuu wa Avenue Q wakatangaza kwamba mchezo wao hautazuru miji mingine, utakwenda kuchezwa Las Vegas katika hoteli ya Wynn. Wale wafanyabiashara wa mikoani, ambao baadhi yao walikuwa wameupigia kura wakitumaini utafika kwao, walihisi wametumiwa kama ngazi. Huko Las Vegas wenyewe ulifunguliwa Septemba 2005 na kufungwa Mei 2006. Wicked iliyoshindwa ilikuwa imeshalipa madeni yake yote kwa miezi 14, na hadi leo ingali inachezwa pale pale Gershwin. Waulize mashabiki ni nani aliyeshinda mwaka huo, uone kama mtamaliza kabla ya chakula cha jioni.

Ubishi wa namna hiyo ulikuwapo 1998 pia, The Lion King iliposhindana na Ragtime. Sisi tuliousikia mchezo unaowaita wahusika wake Simba na Rafiki tungeweza kupendelea bila haya, lakini angalia matokeo: Ragtime ilipewa tuzo ya hadithi bora na ya muziki bora, ilhali tuzo ya mchezo bora ikaenda kwa The Lion King. Je, mchezo wenye hadithi bora na muziki bora unashindwaje kuwa mchezo bora? Jibu la wengi ni macho. Julie Taymor alijaza jukwaa twiga na swara kwa vinyago na miti, naye akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya uelekezi wa mchezo wa muziki.

Hapa kwetu, mwaka ambao uliwakosesha wengi usingizi ni 2016. Lupita Nyong'o, ambaye akiwa na umri wa miaka 14 alimwigiza Juliet na kikundi cha Phoenix Players jijini Nairobi, na ambaye alikuwa amekwisha kunyakua Oscar mwaka wa 2014, alipanda jukwaa lile lile la Golden katika Eclipsed. Tamthilia hiyo iliandikwa na Danai Gurira na inahusu wanawake walioshikwa kambini na kamanda wa waasi wakati wa vita vya Liberia, mwaka wa 2003. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Broadway kupata tamthilia ambayo mwandishi, mwelekezi na waigizaji wote ni wanawake weusi. Lupita hakuikuta njiani tu. Mwaka wa 2009, akiwa mwanafunzi huko Yale, alikuwa mwigizaji wa akiba katika mchezo huo huo.

Wahakiki waliipokea vizuri, na ikateuliwa kuwania tuzo sita, Lupita akiwemo. Wakenya wengi wakaanza kuhesabu vifaranga. Tuzo ikaenda kwa Jessica Lange, aliyeigiza mama wa familia katika Long Day's Journey Into Night ya Eugene O'Neill. Eclipsed iliambulia tuzo moja, ya mavazi, na ile ya tamthilia bora ikachukuliwa na The Humans ya Stephen Karam.

Je, Lupita alidhulumiwa? Mimi sioni hivyo. Nafasi ya Lange ni mlima ambao waigizaji wakongwe huupanda wakijua wapiga kura wanaufahamu kila mteremko wake. Lupita alikuwa msichana asiye na jina katika kundi la wanawake watano, na uzuri wa tamthilia ile ulikuwa katika kundi. Sifa alizopata zilikuwa za haki, na kushindwa kwake kunaeleweka. Mambo hayo mawili hukaa nyumba moja bila kugombana.

Kuna na wale ambao tuzo huwafikia wakiwa maiti. The Scottsboro Boys, mchezo kuhusu vijana tisa weusi waliosingiziwa ubakaji huko Alabama mwaka wa 1931, ulifunguliwa Oktoba 2010 na ukafungwa Desemba baada ya maonyesho 49. Mei iliyofuata ukateuliwa kuwania tuzo 12! Haukupata hata moja. Mashabiki waliobishana kuhusu nafasi yake wengi wao hawakuwa wameuona, na hapakuwa tena na mahali pa kwenda kuuona.

Lakini unaposikia mchezo fulani umekosa tuzo, kumbuka A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry. Ilifunguliwa tarehe 11 Machi 1959, tamthilia ya kwanza ya mwanamke mweusi kufika Broadway. Inahusu familia ya Chicago inayogombania fedha za bima ya baba aliyefariki, na nyumba ya kununua katika mtaa wa wazungu. Chama cha wahakiki wa New York kiliipa tuzo yake ya tamthilia bora ya Marekani. Watu waliijaza kumbi kwa maonyesho 530. Wapiga kura wa Tony waliiteua mara nne, wakainyima zote nne, na tamthilia bora ikawa The Miracle Worker.

Iliporudi jukwaani mwaka wa 2004, Phylicia Rashad akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tony ya mwigizaji mkuu wa tamthilia, kwa nafasi ya mama wa nyumba hiyo. Iliporudi tena 2014, ikapewa tuzo ya tamthilia bora iliyofufuliwa. Hansberry hakuwapo kuipokea. Alifariki Januari 1965, akiwa na umri wa miaka 34.