Katibu wa AMCOS na Bei Anayoijua Peke Yake

Oktoba 2018 kampuni ya Rubis ya Ufaransa ilitangaza kuwa inataka kuinunua KenolKobil ya Kenya kwa shilingi 23 za Kenya kila hisa, bei iliyoipita kwa mbali ile ya sokoni. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya ilipotazama nyuma, ikatilia shaka manunuzi ya hisa yaliyofanyika siku chache kabla ya tangazo, ikazuia akaunti zilizohusika. Nani alijua, na alijuaje?

Mwezi uliofuata, huku kwetu Tanzania, Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya wakulima wa kusini kuzikataa bei za mnadani. Uhakiki ukafuata: mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba kwanza, ndipo alipwe. Ilijulikana wazi kwamba walioshika korosho siku ile hawakuwa wakulima peke yao. Wanunuzi wa kangomba, wanaonunua kwa wakulima nje ya mnada, nao walikuwamo. Kwenye korosho pia swali ni lilelile: nani anajua, na anajuaje?

Mkulima wa Dimani, wilayani Kibiti, huenda hajawahi kununua hisa hata moja katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Lakini mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha kuuza mazao, amelipa kiingilio, amenunua hisa za chama, na anapiga kura kwenye mkutano mkuu. Yeye ndiye mwenye chama. Mwenyekiti, katibu na wajumbe wa bodi wanamfanyia kazi yeye.

Sheria yetu ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inamkataza mtu wa ndani kufanya biashara ya hisa kwa taarifa nyeti ambazo hazijatangazwa. Imetungwa kwa ajili ya hisa na hati fungani. Korosho na ufuta havimo. Uovu wenyewe, hata hivyo, ni uleule.

Katika mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima hupima leo na kulipwa baada ya mnada. Siku hizo za kusubiri ndizo taarifa inapogeuka pesa. Katibu anajua ghala lina tani ngapi, mnada uliopita umefunga kwa bei gani, na malipo yataingia benki lini. Tuseme kuna mama mwenye magunia mawili nyumbani kwake. Shule zinakaribia kufunguliwa, sare ya mtoto haijanunuliwa, na pale ofisini ameambiwa malipo bado sana. Jioni kijana anafika na kipimo chake, anachota, anahesabu, analipa taslimu. Kijana huyo katumwa na katibu, ambaye tangu asubuhi anajua bei imepanda.

Kesi ya Strong dhidi ya Repide, iliyotoka Ufilipino na kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1909, inafanana na kisa hiki kwa namna ya kushangaza. Repide alikuwa mkurugenzi wa kampuni yenye ardhi, na ndiye aliyekuwa akizungumza na serikali iinunue ardhi hiyo. Mazungumzo yakiwa yanakaribia kuiva, alinunua hisa 800 za mama mmoja kupitia dalali, akilificha jina lake mwenyewe. Baada ya miezi michache thamani ya hisa hizo ilikuwa imepanda mara nyingi. Mahakama ikasema huo ni udanganyifu, kwa kuwa mtu wa nafasi yake alikuwa na wajibu wa kusema anachokijua.

Wapo watakaosema katibu kamsaidia mama kwa kumpa fedha wakati wa shida. Sikubaliani nao hata kidogo. Mnunuzi wa nje anabahatisha, naye anaweza kula hasara. Katibu habahatishi. Taarifa aliyonayo kaipata akiwa kwenye kazi ya wanachama, na anamnyonya nayo yuleyule aliyemweka ofisini.

Dawa haihitaji sheria mpya. Bei ya mnada ibandikwe ubaoni siku hiyohiyo na itumwe kwa simu kwa kila mwanachama, pamoja na tarehe ya malipo. Kabla msimu haujafunguliwa, viongozi waandikishe mikorosho yao na ya watu wa nyumbani mwao; msimu ukifungwa, kilo walizopeleka ghalani zisomwe mbele ya mkutano mkuu. Mwenye mikorosho thelathini akisomewa tani nne, wanachama wamuulize hapohapo zimetoka shamba gani, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.