Mwalimu wa Tuisheni Mwenye Subira: Namna ya Kumtambua na Kumpata

Tuisheni, yaani masomo ya ziada ambayo mwanafunzi hufundishwa kwa malipo nje ya ratiba ya kawaida ya shule, imekuwa sehemu ya maisha ya familia nyingi za Afrika Mashariki, hasa zile za mijini, kiasi kwamba mzazi mwenye mtoto anayekaribia mtihani wa taifa huona kama amemnyima haki yake asipomtafutia mwalimu wa jioni. Hata hivyo, wazazi wengi humtafuta mwalimu huyo kwa maswali mawili tu, la kwanza likiwa amesoma hadi wapi na la pili likiwa anatoza kiasi gani, ilhali swali linaloamua zaidi kama mtoto atanufaika au la ni la tatu, ambalo huulizwa kwa nadra: mwalimu huyo hufanya nini mtoto anapokosea? Subira na kutia moyo huchukuliwa na wengi kuwa ni tabia njema ya mtu, lakini kwa mwalimu ni ustadi wa kazi unaoonekana kwa macho na kusikika kwa masikio, na mzazi yeyote, hata yule asiyelijua somo lenyewe, anaweza kuutambua kabla hajatoa fedha yake.

Kwa nini familia hutafuta mwalimu wa ziada

Nchini Tanzania mwanafunzi hupita katika ngazi kadhaa za mitihani inayosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ukiwemo mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, upimaji wa kidato cha pili, na mitihani ya kidato cha nne na cha sita, na matokeo ya kila ngazi ndiyo hufungua au kufunga mlango wa ngazi inayofuata. Shinikizo hilo hukutana na darasa lililojaa. Hata pale ambapo shule ya msingi imetimiza kiwango cha wanafunzi 45 kwa darasa, kipindi cha dakika 40 kikigawanywa sawasawa hakimpatii kila mtoto hata dakika moja ya kusikilizwa na mwalimu wake, na madarasa mengi yamekizidi kiwango hicho. Mtoto aliyepotea njia katika mada moja anaweza kukaa kimya muhula mzima bila mtu kugundua, kwa kuwa mtaala unasonga mbele na mada inayofuata hujengwa juu ya ile aliyoikosa. Hisabati ndilo somo linaloonyesha jambo hili waziwazi kuliko yote, kwani kwa miaka mingi sehemu kubwa ya watahiniwa wa kidato cha nne wamekuwa wakipata daraja F, yaani chini ya alama 30 kwa mia.

Si kila tuisheni inaliziba pengo hilo. Mtafiti Mark Bray, ambaye ameyachunguza masomo ya ziada katika nchi nyingi, ameyaita elimu kivuli, kwa maana ya elimu inayofuata umbo la shule rasmi kama kivuli kinavyofuata mwili, na hakika kituo cha tuisheni chenye makumi ya wanafunzi wanaonakili majibu ya mitihani iliyopita kutoka ubaoni hurudia tu kile kile kilichomshinda mtoto asubuhi. Faida ya mwalimu binafsi iko katika ukaribu wake na mwanafunzi mmoja au wachache. Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika kuhusu majaribio ambamo mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa ana kwa ana, huku akipimwa na kusahihishwa kila hatua, alifanya vizuri kuliko wanafunzi 98 kati ya 100 waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa manufaa kwa kawaida huwa madogo kuliko hayo, lakini zimeendelea kuthibitisha kwamba kufundishwa kwa karibu ni miongoni mwa njia zenye nguvu za kumwinua mwanafunzi aliyebaki nyuma.

Subira ni nini kwa mwalimu

Subira ya mwalimu huanza na kunyamaza. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwamba kwa wastani walisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kulirudia swali, kumgeukia mwanafunzi mwingine au kulijibu wenyewe, na kwamba waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi yalirefuka, yakawa na sababu ndani yake, na watoto waliozoea kukaa kimya walianza kushiriki. Mwalimu asiyeweza kuvumilia kimya hicho kifupi humfundisha mtoto, bila kukusudia, kwamba akikaa vya kutosha jibu litakuja lenyewe.

Kuna sababu ya pili ya mwalimu kuhitaji subira, nayo inahusu hofu. Akili ya binadamu hutumia sehemu ndogo ya kumbukumbu kushikilia mambo inayoyafanyia kazi kwa wakati huo, kwa mfano tarakimu zinazobebwa mtu anapojumlisha bila kuandika, na wanasaikolojia huiita kumbukumbu tendaji. Sehemu hiyo ina nafasi finyu, na mtoto anayeogopa kukaripiwa au kuchekwa hulazimika kuitumia nafasi hiyo kuwaza aibu inayomngoja badala ya hesabu iliyo mbele yake, ndiyo maana mwanafunzi anayeweza swali akiwa peke yake hushindwa kulifanya mbele ya mwalimu mkali. Ukali unaodhaniwa kuharakisha masomo kwa hiyo huyachelewesha.

Mfano mmoja wa hesabu za sehemu unatosha kuonyesha tofauti iliyopo kati ya walimu wawili. Mtoto wa darasa la tano anapewa 1/2 kujumlisha 1/3, naye anaandika 2/5, kwa kuwa amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwalimu wa kwanza anasema jibu si sahihi, anachukua kalamu, anatafuta kigawe kidogo cha shirika, ambacho ni 6, anaandika 5/6 na kumwamuru mtoto anakili, kazi inayochukua dakika moja na kumwacha mtoto na kosa lake lile lile kichwani. Mwalimu wa pili anauliza, "Umepataje?" na mtoto anapoeleza hatua zake, anamtaka alinganishe 2/5 na ile 1/2 aliyoanza nayo. Mtoto anachora mkate mmoja na kuugawa mara mbili, kisha anachora mwingine wa ukubwa uleule na kuugawa mara tano, akigundua mwenyewe kwamba vipande viwili vya mkate wa pili havifikii nusu, na kwamba haiwezekani nusu iliyoongezwa kitu ipungue. Hapo tu ndipo kigawe kidogo cha shirika kinapopata maana, kwa sababu mtoto ameona kwamba vipande visivyolingana haviwezi kuhesabiwa pamoja mpaka vikatwe kwa kipimo kimoja. Somo la mwalimu wa pili limechukua robo saa, na halitahitaji kurudiwa mara nyingi.

Alichokifanya mwalimu huyo kina jina katika taaluma ya elimu. Mwaka 1976 watafiti David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada wa namna hiyo na jukwaa ambalo fundi ujenzi husimamisha ili kulifikia jengo na kuondoa jukwaa hilo kazi inapokamilika: mwalimu humsaidia mwanafunzi katika sehemu ile tu ambayo hawezi kuifanya peke yake, na kadiri mwanafunzi anavyopata nguvu ndivyo msaada unavyopunguzwa. Kwa kipimo hicho mwalimu bora wa tuisheni ni yule ambaye mwanafunzi humhitaji kidogo zaidi kila mwezi unaopita.

Kutia moyo bila kudanganya

Kutia moyo hakumaanishi kusifu kila kitu. Watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa shule za msingi nchini Marekani, yaliyoonyesha kuwa watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana baadaye na maswali magumu, walikata tamaa mapema na kufanya vibaya zaidi kuliko wale waliosifiwa kwa juhudi zao. Sababu yake si ngumu kuielewa: anayeambiwa amefaulu kwa kuwa ana akili huona kushindwa kuwa ushahidi kwamba hana, lakini anayeambiwa amefaulu kwa kuwa amejaribu njia tatu huona kushindwa kuwa wito wa kujaribu njia ya nne. Mwalimu anayejua kutia moyo hutaja jambo mahususi, kwa mfano kwamba leo mwanafunzi ameandika vipimo kila hatua jambo ambalo wiki iliyopita hakulifanya, na vilevile husema ukweli pale kazi inapokuwa mbovu, akionyesha sehemu ya kuanzia kurekebisha.

Ustadi huo huhitajika zaidi mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anapoingia kidato cha kwanza nchini Tanzania, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyezoea kusema eneo, mzingo na pembetatu hukutana na maneno mageni kwa maarifa aliyonayo tayari, na akishindwa swali huonekana hajui hesabu, naye huanza kuamini hivyo. Mwalimu makini humuuliza swali lile lile kwa Kiswahili, na mtoto akilijibu, tatizo limejulikana kuwa ni lugha, kwa hiyo dawa yake huwa daftari la msamiati wa somo na mazoezi ya kusoma maswali taratibu, sentensi kwa sentensi.

Namna ya kumpata na kumpima

Mahali pa kuanzia ni shuleni kwa mtoto, kwa sababu mwalimu wa darasa ndiye anayejua mada zilizomshinda, na mzazi anayekwenda kumtafuta mwalimu wa ziada akiwa na madaftari na karatasi za mitihani ya mtoto hueleza hitaji lake kwa usahihi kuliko yule anayesema tu kwamba mtoto hafanyi vizuri. Walimu wastaafu ni hazina ambayo mara nyingi husahauliwa, kwa kuwa wana uzoefu na muda, na wanafunzi wa vyuo vikuu, hasa wanaosomea ualimu, huweza kufaa sana kwa sababu bado wanakumbuka ugumu wa mada waliyoisoma juzi. Tahadhari inahitajika pale mwalimu yuleyule anayemfundisha mtoto darasani anapotaka kumfundisha kwa malipo jioni, maana kishawishi cha kuacha mada nusunusu asubuhi ili zimaliziwe kwa fedha ni cha kweli. Hofu ya masomo ya ziada kugeuzwa kuwa mzigo ndiyo iliyofanya Kenya, katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ipige marufuku tuisheni ya wakati wa likizo.

Baada ya kumpata anayeonekana kufaa, mzazi aombe somo moja la majaribio na akae karibu. Asiyejua Fizikia bado anaweza kusikia nani anazungumza zaidi, kuona kalamu iko mkononi mwa nani kwa muda mrefu, kuhesabu sekunde baada ya swali, na kuangalia kama kosa linapokelewa kwa swali au kwa mguno. Somo likiisha, mzazi amwombe mtoto aeleze jambo moja alilojifunza kwa maneno yake mwenyewe, kisha aulize kama angependa mwalimu huyo arudi, kwa sababu mtoto hawezi kujifunza kwa mtu ambaye anaogopa kumwambia kwamba hajaelewa.

Makubaliano yawekwe wazi mapema: siku na saa, malipo ni kwa saa au kwa mwezi, mada zitakazoanza, na namna mwalimu atakavyotoa taarifa ya maendeleo. Masomo yafanyike mahali pa wazi, kama sebuleni au barazani, huku mtu mzima mwingine akiwa karibu, utaratibu unaomlinda mtoto na vilevile kumlinda mwalimu. Fimbo isiwe na nafasi kabisa. Hata shuleni, kanuni za Tanzania humpa mamlaka ya adhabu ya viboko mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa hiyo mwalimu wa nyumbani hana mamlaka hayo hata kidogo. Maendeleo yapimwe baada ya miezi miwili au mitatu, si kwa alama za mtihani pekee, bali pia kwa kuangalia kama mtoto hufungua daftari bila kulazimishwa na kama huuliza maswali zaidi kuliko zamani.

Wapo wazazi wengi ambao hawana fedha ya kulipa; nchini Tanzania ada ya shule za umma ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016 lakini gharama ya tuisheni imebaki juu ya familia. Kwao pia maarifa haya yana faida, kwa kuwa jambo kubwa analolifanya mwalimu mwenye subira halihitaji cheti: dada aliyemaliza kidato cha nne, mjomba anayefanya kazi dukani au mama asiyejua Kiingereza anaweza kuketi na mtoto nusu saa kila jioni, akamuuliza amepataje jibu lake, akasubiri bila kumkatiza, na akamsifu kwa hatua aliyoifikiria vizuri. Mtoto anayesikilizwa hivyo nyumbani hupata ujasiri wa kumwambia mwalimu wake wa darasani kwamba hajaelewa, na mtoto anayethubutu kusema hivyo ameshaanza kujifunza.