Cherehani ya bei nafuu: Kagua, jaribu, ndipo ulipe

MIAKA michache iliyopita dada yangu, mkulima wa mahindi wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, aliuza magunia manne ili anunue cherehani. Alikuwa amejifunza kushona kwa jirani na tayari ameahidiwa oda ya sare za shule. Aliponipigia simu kuomba ushauri, nilimwambia achukue ile ya umeme iliyotumika aliyoiona mjini, kwa kuwa bei yake ilikuwa chini kuliko ya kukanyaga kwa miguu. Mimi ni mchumi wa kilimo, hesabu ndiyo kazi yangu, na kwenye karatasi ushauri ule ulionekana mzuri.

Ilipochomekwa kwenye umeme, cherehani ile ilizunguka kwa kasi ya ajabu, ikatoa moshi, ikazima. Kibandiko kilichokuwa nyuma ya mota kilisomeka volti 100, kiwango cha umeme wa Japani. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Muuzaji alikataa kuipokea tena, oda ya sare ikaenda kwa fundi mwingine, na magunia manne yakawa yamepotea.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama ya cherehani. Gharama nyingine ni vipuri, fundi wa kuitengeneza, na siku inazokaa bila kushona. Makala hii ni kwa ajili ya mkulima au mfanyabiashara mdogo anayetaka kununua cherehani, hasa iliyotumika, bila kurudia kosa letu.

Anza na kazi utakayofanya

Kabla ya kuulizia bei, jiulize utashona nini na wapi. Anayeshona sare, magauni ya vitenge, mapazia na kurekebisha nguo za mitumba anahitaji mshono mmoja ulionyooka. Kazi hiyo inafanywa vizuri na cherehani nyeusi ya chuma, ya mkono au ya kukanyaga. Haihitaji umeme, na siku umeme ukifika nyumbani unaweza kuifungia mota ndogo ya pembeni bila kubadili kichwa chake.

Cherehani ndogo za umeme za nyumbani, nyingi zikiwa na bodi ya plastiki, hushona zigizaga na mishono mingine. Zinafaa kwa kazi nyepesi, lakini nyingi huchoka mapema zikishonea kaki ya kukunja kutwa nzima. Ukiipata iliyotumika, soma kibandiko chake kwanza. Ikiwa ni ya volti 100 au 110, itakubidi ununue na transfoma, na gharama hiyo uijumlishe kwenye bei.

Cherehani za kiwandani, kama za Juki, hushona kwa kasi kubwa na hazichoki upesi. Lakini ni nzito, zinahitaji umeme wa uhakika, na zina maana kwa mwenye oda nyingi za kila siku. Anayeanza akiwa na wateja watano hana haja nayo.

Kwa nini nyeusi ya zamani bado inauzika

Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake nchini Marekani mwaka 1851. Kiwanda kikubwa cha kampuni ya Singer kilichokuwa Clydebank, Uskochi, kilifungwa mwaka 1980. Hivyo cherehani iliyotoka huko ina umri wa zaidi ya miaka 40, na nyingi bado zinashona. Sababu ni kwamba zimetengenezwa kwa chuma, na sehemu zinazochakaa zinaweza kufunguliwa na kubadilishwa.

Sababu ya pili ni vipuri. Muundo wa Singer unaoitwa namba 15, wenye bobini ya duara, ulinakiliwa na viwanda vingi vya China na India. Cherehani nyeusi za Butterfly kutoka Shanghai zimefuata muundo huo. Kwa hiyo bobini, sindano na vifaa vingi vidogo vya aina hii huingiliana, na huvipati Kariakoo tu, bali hata katika maduka ya miji midogo.

Zipo pia za kale zaidi zenye bobini ndefu nyembamba, inayokaa ndani ya chombo chenye umbo la mtumbwi. Hushona vizuri, lakini kupata bobini zake ni kazi. Usiinunue kwa ajili ya biashara mpaka uwe umejua kwa hakika ni duka gani karibu nawe linaziuza.

Tena usinunue jina. Nembo ya Singer inaweza kubandikwa upya juu ya rangi mpya. Kinachokuhusu ni mashine iliyo chini ya rangi hiyo.

Ukaguzi wa nusu saa

Nenda na sindano mpya, kipande cha kanga, kipande cha kaki, na nyuzi za rangi mbili tofauti. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka.

Kwanza, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako. Liende laini bila kukwama mahali pamoja. Likiwa zito mzunguko mzima, huenda ni mafuta yaliyoganda tu. Likigonga mahali pamoja kila mzunguko, kuna kitu kimepinda.

Pili, shika nondo inayobeba sindano, uitikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, imelika, na haitashona sawasawa.

Tatu, angalia sehemu ya chini inayozunguka na kunasa uzi. Ncha yake iwe kali, isiyo na kutu wala pengo. Pitisha kidole juu ya meno yanayosukuma kitambaa; yakiwa butu, kaki haitasogea.

Nne, tafuta nyufa na alama za kuchomelea kwenye kichwa. Chuma cha kumimina kikishapasuka, kuchomelea hakukirudishii uimara wake.

Tano, weka sindano yako mpya na ushone. Tumia uzi wa rangi moja juu na wa rangi nyingine chini. Anza na kanga, kisha kaki iliyokunjwa mara nne. Uzi wa juu ukionekana chini ya kitambaa, kaza kidogo skrubu ya kubana uzi, ujaribu tena. Hilo si tatizo. Lakini mshono ukiruka-ruka wakati sindano ni mpya na imewekwa sawa, tatizo liko ndani.

Kagua pia shina la sindano iliyokuwamo. Sindano za cherehani za nyumbani zina upande mmoja bapa, za kiwandani ni duara pande zote. Chukua moja kama mfano unapokwenda dukani.

Kasoro ndogo na kasoro za kukimbia

Mkanda uliokatika, mpira wa kujazia bobini, bobini yenyewe, skrubu za kanyagio zilizolegea na mbao zilizoliwa ni kasoro ndogo. Zitumie kushusha bei. Ugumu wa mafuta yaliyoganda husafishwa kwa mafuta ya taa, kisha unaweka mafuta ya cherehani. Usiweke mafuta ya kupikia wala oili ya gari, kwani huganda na kukurudisha ulikotoka.

Ufa kwenye kichwa, nondo ya sindano iliyolika, ncha ya kunasa uzi iliyoliwa na kutu, au mota inayonuka kuungua ni kasoro za kukimbia, hata bei ikiwa nusu.

Piga hesabu yako

Tuchukue mfano, wewe weka namba za soko lako. Cherehani iliyotumika sh. 200,000, matengenezo 30,000, mkasi, uzi na sindano 20,000. Jumla 250,000. Ukibakiwa na sh. 2,500 kwa kila nguo baada ya kutoa uzi, vifungo na pango, na ukashona nguo 10 kwa wiki, fedha yako inarudi baada ya wiki 10. Cherehani mpya ya sh. 400,000 pamoja na vifaa hivyo inafika 420,000, nayo inarudi baada ya wiki 17.

Iliyotumika inaonekana imeshinda kwa sh. 170,000. Lakini ikiharibika wiki tatu za Desemba na Januari, wakati unashona nguo 20 kwa wiki, unapoteza 150,000. Karibu nafuu yote imekwisha. Ndiyo maana nasema nusu saa ya ukaguzi ina thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Kuna na suala la wakati. Mwaka wa shule huanza Januari, na hata baada ya ada kuondolewa mwaka 2016 katika shule za serikali hadi kidato cha nne, sare bado hununuliwa na mzazi. Mkulima wa mahindi anapata fedha baada ya mavuno, lakini ndipo bei ya mahindi huwa chini. Nunua mapema upate miezi ya kuizoea mashine, ila usiuze chakula cha nyumbani wala fedha ya mbegu na mbolea. Cherehani haitalima shamba lako.

Mwisho, andikianeni. Nukuu namba iliyogongwa kwenye kichwa cha cherehani, muweke sahihi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Ukinunua mali ya wizi, utapoteza mashine na fedha.

Dada yangu alilima msimu mwingine, kisha akanunua cherehani nyeusi ya kukanyaga kutoka kwa fundi mzee aliyekuwa anastaafu. Safari hii alikwenda na kaki yake mkononi, akashona mbele ya mwenye mali, akapunguziwa bei kwa sababu ya mkanda uliochakaa. Hakunipigia simu kuomba ushauri. Alinipigia kunijulisha kwamba ameshamaliza sare nne za kwanza.